Niliiambia simu kabla ya mume wangu

Jamani, ndoa ina mambo! Mwaka 2021 nilikaa miezi minne namkwepa mume wangu kitandani. Mara kichwa, mara mtoto hajalala, mara baridi. Baridi ya Sumbawanga ya Julai siyo mchezo, lakini mwenzangu hakudanganyika. Siku aliporudi kupeleka mahindi Tunduma akaniuliza: "Kuna mwanaume mwingine?"

Hapakuwa na mwanaume, palikuwa na maumivu. Tendo la ndoa liliniuma mpaka machozi, na nilikuwa natokwa na uchafu.

Nilikwenda zahanati. Nesi akaniuliza dirishani, kwa sauti ya sokoni: "Unasumbuliwa na nini, dada?" Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo wifi yangu. Nikajibu, "Tumbo tu." Nikapewa panadol, nikarudi Kizwite na ugonjwa wangu.

Ndipo binamu yangu wa Mbeya akanionyesha Ada. Ni programu ya simu ya kampuni ya Ujerumani, inamhoji mgonjwa kama afanyavyo daktari. Toleo la Kiswahili lilitoka mwaka 2019, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Inauliza swali moja moja, wewe unachagua jibu. Usiku nikajifunika blanketi, nikaanza. Ilipofika kwenye maumivu wakati wa tendo, nikabonyeza ndiyo. Basi! Haikuguna, haikuinua nyusi, na wala haina wifi.

Kumbe siko peke yangu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walichapisha utafiti ambao watu walihojiwa na mtu wa kwenye kompyuta. Walioamini ni mashine tupu walifunguka zaidi kuliko walioamini kuna binadamu anaiendesha. Yaani swali halituogopeshi. Tunaogopa macho ya anayeuliza.

Lakini simu haipimi wala haitibu. Ilinitajia magonjwa yanayoweza kuwa chanzo, ikanishauri nimwone daktari. Mbele ya daktari mdomo ukawa mzito tena, nikampa simu asome mwenyewe. Akasoma, akafunga mlango, akanipima: maambukizi kwenye via vya uzazi. "Mwenzako naye atibiwe," akasema, "la sivyo utarudi hapa."

Hilo la mwenzangu ndilo lilikuwa gumu. Jioni nikampa mume wangu simu ileile. Alisoma kimya, kisha akauliza: "Simu umeiambia, mimi je?" Sikuwa na jibu.

Tulitibiwa wote wawili. Nani aliuleta ugonjwa, tuligombana wiki nzima. Lakini safari hii tuligombania ukweli, siyo kichwa wala baridi.

Shoga yangu, kama aibu inakuziba mdomo, anza na simu. Iwekee namba ya siri, maana uliyoyajibu yanabaki humo. Ila usiishie hapo: maneno hayo yafike kwa daktari, na kwa huyo unayelala naye.