Kamera Iliyokataa Kadi Kubwa

Biashara ya picha za pasipoti pale Luofu, mashariki mwa Kongo, iliuawa na padri. Nalisema kwa utani, maana Padri Apollinaire Malu Malu alikuwa wa kwetu, wa jimbo Katoliki la Butembo-Beni, na alipoiongoza Tume Huru ya Uchaguzi mwaka 2005 hakuwa na ugomvi wowote na chumba changu cha udongo chenye shuka la buluu ukutani. Ila tume yake ilileta masanduku yenye kompyuta, kamera na mashine ya kuchapa. Mtu aliingia mikono mitupu, akatoka na kadi ya mpiga kura yenye sura yake. Nchi nzima waliandikishwa watu zaidi ya milioni 25. Na kwa kuwa raia hatukuwa na kitambulisho kingine cha maana, kadi ile ikabeba kazi zote: benki, vizuizi vya barabarani, kupokea pesa za ndugu. Mimi nikabaki na wanafunzi wa mtihani wa serikali na maarusi.

Nilipanga foleni kama wengine, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya kijana wa tume. Alipiga, akatazama kioo, akasema, "Papa, umefumba macho, turudie," akafuta, akapiga tena. Mimi habari ya mteja kufumba macho nilikuwa naipata rolo ikishakwenda Butembo na kurudi, wakati huo mteja ameshalipa nusu na hataki kusikia habari ya jua wala ya vumbi.

Rolo ilikuwa na picha 36, na hakuna aliyepeleka rolo labo kabla haijaisha. Ubatizo wa Pasaka uliweza kungojea arusi ya Julai ili zijae zote. Kisha unampa dereva wa lori la maharagwe, anapita Kirumba, anapita Lubero, mvua ikinyesha analala njiani. Komunyo ya kwanza ndiyo iliyotutesa kuliko zote: gauni jeupe limetoka safi kila mshono unaonekana, uso wa mtoto umezama gizani. Fundi wa labo aliweza kuokoa kidogo kwa vifungo vyake vya rangi, akipenda. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba Kodak walikuwa wakiwapelekea wenye labo picha ya mwanamke mzungu, ikiitwa kadi ya Shirley, wapimie rangi zao. Basi watoto wa Luofu walikuwa wakisafishiwa picha kwa kipimo cha mama yule.

Kamera ya dijitali niliipata kwa mfanyabiashara wa Butembo, mmoja wa wale wanaokwenda Dubai na Guangzhou kufuata vitambaa na vipuri vya pikipiki, wakarudi na chochote kingine kilichowapendeza. Ilikuwa imetumika, na kitabu chake kilikuwa cha Kijapani. Nilijifunza kwa kubonyeza. Kadi yake ilikuwa ya gigabaiti 1, na kwa bei za siku zile nilifanya kama wapiga picha wote wa vijijini: ukishachapa na kulipwa, unafuta, unaanza upya. Mwenye picha ana karatasi yake, kamera ibaki na nakala ya nini?

Usiku wa Aprili 17, 2009, wapiganaji wa FDLR waliingia Luofu wakachoma nyumba kwa mamia. Watoto waliungulia ndani. Mashirika ya haki za binadamu yameyaandika hayo, nami sina nguvu ya kuyarudia hapa. Nitasema la kazi yangu tu. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, hakumbuki albamu. Katika majuma yaliyofuata watu walianza kunijia, mmoja leo, mwingine keshokutwa, kuulizia picha. Mjane alitaka ya arusi yake. Mzee alitaka ya mkewe aliyekwisha kufariki kabla ya moto, maana sura yake sasa haikuwa popote ila kichwani mwake. Niliwafungulia kadi, wakainama juu ya kile kioo kidogo nami nikibonyeza mshale. Zilikuwemo za miezi ya karibuni tu. Tangu hapo sikufuta tena.

Kutofuta kunataka nafasi, na nafasi ilikuwa inauzwa Butembo. Lakini nilipofika madukani kadi ndogo zilikuwa zinakwisha, kila meza inaonyesha za gigabaiti 4 na 8, bei nzuri kuliko nilivyotegemea. Nikanunua ya 4. Iliingia kwenye tundu lake vizuri kabisa, kamera ikawaka, ikaandika kwamba kadi haisomeki. Muuzaji akanibadilishia. Jibu lilelile. Akaanza kunitazama kama mtu anayetafuta kurudishiwa pesa.

Fundi mmoja mtaa wa Kimemi, kijana aliyekuwa akitengeneza redio na simu kwenye meza moja, ndiye aliyenifumbua macho. "Yaya, kadi yako nzima. Kamera ndiyo haijui kuhesabu mpaka huko." Akanieleza. Kadi za SD za zamani huishia gigabaiti 2. Mwaka 2006 ukatoka utaratibu mwingine, SDHC, wa kutoka hapo kwenda hadi 32: umbo lilelile, tundu lilelile, ila namna ya kuhesabu vyumba ndani ya kadi imebadilika. Kamera iliyotoka kiwandani kabla ya hapo huipokea kadi mpya kisha ikaikana. Dawa, kama ipo, iko kwenye famuwea, yaani ile programu inayokaa ndani ya kamera yenyewe, inayopokea kidole kwenye kifungo, inayopima mwanga, inayoandika picha kwenye kadi. Pentax, kwa mfano, waliifundisha K100D yao kusoma kadi kubwa kwa njia hiyo. Kampuni nyingine ziliona heri mteja anunue kamera mpya. Ya kwangu ilikuwa na dawa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ningependa kuieleza vizuri kwa sababu vijana wa sasa hawaamini. Kwanza ujue kamera ina toleo gani. Nilipekua menyu yote, mstari wa famuwea haupo. Kumbe gurudumu la juu nilikuwa nimeliacha kwenye automatiki, na kamera ikiwa hapo huficha mambo inayoyaona ya wakubwa. Ukiligeuza kwenye herufi P, mstari unatokea chini kabisa. Kisha faili lenyewe. Saiba ya Butembo ilikuwa na intaneti ya setilaiti, unalipa kwa saa, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta, na faili la megabaiti chache liliweza kukatika karibu na mwisho likaanza upya. Likishuka, liko ndani ya faili jingine lililobanwa, na kompyuta imeficha mwisho wa majina, huoni kama ni lile la kamera au ni bahasha yake. Ukiiweka bahasha kwenye kadi, kamera inasema hakuna kitu.

Na virusi. Enzi zile kila kompyuta ya saiba ilikuwa na mdudu wake. Unachomeka kadi, inajaa njia za mkato zisizokwenda popote, folda yako ya picha inafichwa usiione. Wengi walidhani picha zimekufa wakaisafisha kadi palepale, hapo ndipo zikafa kweli. Fundi alinikataza kuchomeka kadi yenye picha za watu. Tulitumia ile ya gigabaiti 1, baada ya kunakili kila kilichokuwemo kwenye kompyuta yake, ambayo haikuwa na virusi. Tukaisafisha kadi ndani ya kamera, si kwenye kompyuta, tukaweka faili moja tu, juu kabisa, nje ya folda zote. Kamera haipekui folda kutafuta dawa yake.

Ikakataa tena: betri. Alama ya betri ilionyesha imejaa, lakini kamera ikaomba betri iliyojaa. Betri yangu ilikuwa ya bei rahisi, ya kopi, inayojidai imeshiba halafu inaanguka ghafla. Kwa sasisho hilo ni hatari halisi: programu ya zamani inafutwa na mpya inaandikwa mahali pake, umeme ukikatika katikati kamera inabaki haina ya zamani wala mpya, haiwaki, haizimi, na Butembo hakuna aliyekuwa na mashine ya kuifufua. Fundi alikuwa nayo moja ya namna hiyo kwenye droo, ya mteja mwingine. Alinionyesha bila kusema neno, akaifunga droo.

Suala la betri za kopi lilikuwa na upande mwingine ambao sikuupenda. Juni 2009 Panasonic walitoa famuwea kwa baadhi ya kamera zao za Lumix iliyozifanya zizikatae betri ambazo si zao, wakitaja usalama. Usalama ni jambo jema. Lakini mtu wa Lubero aliyenunua betri moja kwa akiba ya mwezi anasasisha kamera inayofanya kazi, nayo inakataa kuitambua betri hiyo. Fundi alikuwa na kanuni: soma kwanza sasisho linabadilisha nini, na kama hakuna kinachokuuma, usiliguse.

Yangu ilikuwa inaniuma. Aliazima betri halisi kwa mpiga video wa maarusi jirani yake, tukaiacha kwenye chaja mpaka taa ikageuka kijani, tukaweka kamera katikati ya meza, akawafukuza watoto waliokuwa wakiegemea. Kioo kikauliza ndiyo au hapana. Akanipa mimi nibonyeze. Ukatokea mstari mweupe unaojaa kutoka kushoto, ukafika mahali ukasimama, tukausimamia. Halafu ukaendelea. Kamera ikazima yenyewe, ikawaka, toleo likasomeka jipya. Nikachomeka kadi ya 4. Hesabu ya picha zilizobaki ikapanda ikagota 999, maana kioo hakikuwa na nafasi ya tarakimu ya nne.

Kitu kimoja kilikuwa kimepotea: saa. Tarehe ilikuwa imerudi ya kiwandani, Januari mosi ya mwaka uliokwisha pita. Kwa arusi hilo si neno. Kwetu, ambako watu walikuja kuhesabu nyumba zilizoungua na kuuliza picha hii ni ya lini, nilimwomba fundi tusiondoke mezani kabla hatujaiweka sawa.

Miaka iliyofuata yule mpiga video akawa na kamera kubwa, Canon EOS 5D Mark II, na nikaona kwamba hata wenye fedha wanahangaika na mambo hayohayo. Machi 2010 Canon walitoa toleo 2.0.3, lililoongeza video za picha 24 na 25 kwa sekunde, wakaliondoa upesi kwa sababu ya hitilafu ya kurekodi sauti, wakaleta 2.0.4. Mwenzetu alikuwa hajaligusa. Alifuata kanuni ya jirani yake. Ila alikuwa tayari kujaribu Magic Lantern, programu iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mmarekani Trammell Hudson, inayokaa kwenye kadi na kuipa kamera uwezo ambao mtengenezaji hakuuwasha, kama kuonyesha kiwango cha sauti kwenye kioo. Kampuni haikumwambia afanye hivyo wala haikumzuia. Naona huo ndio uliokuwa wakati mzuri kuliko yote kwa watu wa kazi yetu. Kamera ilikuwa inabadilika, lakini ilibadilika ukiwa umekaa mbele yake, umekubali kwa kidole chako.

Simu zikamaliza habari hiyo. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno na Itel, waligundua kile ambacho Kodak walichelewa kukiona, wakazitangaza kamera zao kwa kupima vizuri ngozi nyeusi, na nasema bila wivu kwamba gauni jeupe la komunyo na uso wa mtoto sasa vinatoka pamoja kwenye simu ya bei ya mbuzi. Labo za Butembo zilifunga au zikageuka maduka ya kuchapa. Mimi mwenyewe nachapa. Nilihama Luofu kabla ya mwisho wa Juni 2024, waasi wa M23 walipouchukua mji wa Kanyabayonga na watu wa upande wetu wakamiminika Lubero na Butembo, na wengi wanaokuja dukani kwangu ni haohao. Picha zote wanazo kwenye simu.

Juzi alikuja mzee wa Luofu na mjukuu wake, anataka picha yake ya kuweka kwenye fremu. Nikaifungua kwenye kompyuta, akaikataa. "Huyu ni mdogo wangu," akasema, "naye hana kovu." Kovu la paji la uso analo tangu ujana, kila mtu wa kwetu analijua. Mjukuu akaapa hakuweka urembo wowote. Tukapekua: simu ilikuwa imejisasisha yenyewe usiku kwenye intaneti ya jirani, na kamera ikaja na kulainisha ngozi kumeshawashwa. Kurudi kwenye toleo la zamani hakuna njia. Nilimwonyesha kijana mahali pa kuuzima urembo huo, kwenye alama ya uso pembeni ya kioo, uvutwe mpaka sifuri, na nikamwambia aangalie tena kila simu ikijizima na kuwaka bila kuombwa. Mzee akakaa kwenye kiti, tukampiga upya.