Kabla ya Kufuta Kiini cha Zamani

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea nikijadili katiba, bajeti na hali ya vyuo vyetu. Leo wanistahimilie kidogo, kwani naanza na kompyuta iliyogoma kuwaka katika duka la steshenari pale Msamvu, hatua chache kutoka stendi ya mabasi.

Mwenye duka ni binti anayewachapia wanafunzi tasnifu zao. Anatumia Linux kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu flashi za wateja wake zimejaa virusi. Alisasisha mfumo jioni. Asubuhi akakuta kioo cheusi na maneno mawili ya kutisha: kernel panic. Fundi wa jirani alishatoa hukumu: diski ifutwe, ‘ipigwe Windows’. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na tasnifu ambazo baadhi zilitakiwa kuwasilishwa kesho yake.

“Dokta, kweli hakuna njia nyingine?” aliniuliza.

Njia ipo, na iliwekwa makusudi. Kiini cha Linux, kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kinaposasishwa katika mifumo kama Ubuntu, kipya hakiandikwi juu ya cha zamani. Vyote hukaa katika saraka ya /boot, na GRUB, programu ndogo inayotangulia kuamka ili kukiita kiini, huviorodhesha. Nilishikilia kitufe cha Shift mara baada ya kuwasha (kompyuta za karibuni hutaka Esc), orodha ikajitokeza, nikaingia kwenye chaguo za ziada, nikateua kiini kilichotangulia. Kompyuta ikawaka kana kwamba hapajatokea jambo. Kwanza kabisa tulinakili tasnifu zote.

Kisha tukatafuta chanzo. Amri ya df -h /boot ilionyesha kwamba sehemu hiyo ya diski imejaa pomoni. Viini vikuukuu vilikuwa vimerundikana, hata initramfs ya kiini kipya, yaani kile kifurushi kinachokiwezesha kuifikia diski, haikupata nafasi ya kuandikwa ikakamilika. Kwa hiyo wanaodhani natetea kutunza kila kikuukuu wasifurahi mapema: kurundika nako huua. Suala ni mfuatano. Kwa uname -r tulihakikisha ni kiini kipi kinachotubeba wakati ule. Sudo apt autoremove ikaondoa vilivyopitwa bila kukigusa hicho. Sudo dpkg --configure -a ikamalizia usakinishaji uliokwama. Halafu sudo update-initramfs -u -k all, na sudo update-grub. Safari hii kiini kipya kiliwaka.

Nchi si kompyuta, najua. Hata hivyo, nikiwa bado dukani nilikumbuka mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilipofutwa ili kupisha madaraka mikoani, na mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Kipya kiliandikwa juu ya cha zamani. Kilipokwama, mkulima hakuwa na orodha ya kuchagulia. Ilibidi kingojewe chombo cha kutungiwa sheria upya. Sheria za kurejesha ushirika na serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa bado Rais, alikiri kwamba angepewa nafasi ya kuanza upya asingeyafanya mambo hayo mawili. Ni viongozi wachache wanaosema hivyo wakiwa kitini.

Ofisini kwetu mfumo mpya wa kuhifadhi matokeo ya wanafunzi unawashwa muhula ujao. Nimeuliza kwa maandishi wa zamani utazimwa lini, nani ataidhinisha, na baada ya kipya kujaribiwa kwa muda gani. Barua yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu bado.