Akili, Ulimi na Mtambo

Msomaji, bila shaka umepata kuambiwa kuwa binadamu hutumia sehemu moja tu katika kumi za ubongo wake, na kuwa zile tisa zilizosalia zimelala kama shamba lisilolimwa. Mimi niliambiwa neno hilo nilipokuwa na umri kama wako, nikalisadiki kwa miaka mingi kwa sababu lilinipa tamaa. Si kweli. Ubongo ni kama sehemu ya hamsini ya uzito wa mwili, walakini hula karibu sehemu ya tano ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika, na wapimaji hawajaona ndani yake pembe iliyolala bure. Nadharia hii ni nyepesi kuvunjika, basi tuiache. Ziko nyingine zilizovaa joho la elimu, nazo ndizo ngumu.

Moja ni ile isemayo kuwa ubongo ni kompyuta. Ukisoma historia utaona kuwa kila zama huufananisha ubongo na chombo kinachostaajabiwa katika zama hizo. Katika karne ya 17, Descartes wa Ufaransa alitaja sanamu za bustani za wafalme, zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji, akaifananisha mishipa ya fahamu na mabomba yake. Simu ilipoenea, ubongo ukafananishwa na ofisi ya simu, ambamo karani huunganisha nyaya. Sasa zamu ni ya kompyuta. Sisemi kuwa mfano huu hauna faida, maana umewafundisha wataalamu mengi. Nasema kuwa mfano si kitu chenyewe.

Nadharia iliyonishughulisha zaidi ni ile isemayo kuwa kinachosema vizuri kina akili, na chenye akili kina nafsi. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing alishauri kuwa, badala ya kubishana kama mitambo hufikiri, tuulize kama mtambo waweza kujibu maswali yaliyoandikwa hata muulizaji asipambanue majibu yake na ya mtu. Lilikuwa pendekezo la kipimo, na mwenyewe alikiri kuwa fahamu ina siri yake. Ni watu waliomfuata waliolifanya ushahidi wa nafsi.

Miaka 16 baadaye, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa habari za programu aliyoiita ELIZA. Kazi yake ilikuwa ndogo: ilitafuta neno katika sentensi ya mtu, ikamrudishia kwa sura ya swali. Ukiandika habari za mama yako, ilikuomba useme zaidi juu ya jamaa zako. Karani wa Weizenbaum, aliyemwona akiitengeneza miezi mingi na kujua kuwa ni programu tu, alizungumza nayo kidogo, kisha akamwomba bwana wake atoke chumbani. Usimcheke. Nani kati yetu hajapata kutamani msikilizaji asiyechoka?

Mitambo ya leo imeipita ELIZA mbali sana. Imelishwa maandishi ya wanadamu kwa wingi usiohesabika, ikajifunza kukisia neno gani hufuata neno gani. Mwaka 2022 mhandisi mmoja wa kampuni ya Google alitangaza kuwa mtambo wa namna hiyo una hisia, kwani ulimwambia kuwa waogopa kuzimwa. Kampuni ilikanusha, naye akaachishwa kazi. Mimi sishangai kuwa mtambo ulisema hivyo. Watu wameandika juu ya hofu ya kufa tangu walipojua kuandika. Mtambo uliosomeshwa maandishi yao utakosaje kulitamka neno hilo? Neno ambalo lingetamkwa vile vile, hisia iwepo au isiwepo, haliwi shahidi.

Lakini wako pia wanaoapa kuwa chuma hakitapata fahamu milele. Nao nawauliza: mmetumia kipimo gani? Ubongo una yapata chembe bilioni 86 za neva, wala hapana moja katika hizo ijuayo jina la mwenyewe, na bado hakuna aliyeeleza kwa ukamilifu jinsi zinavyozaa mtu ajijuaye.

Kosa la kupima akili kwa ulimi lina upande wa pili, nao niliujua nyumbani kwetu Mombasa. Baba yangu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, na usemi wake wote ukabaki neno moja, "basi". Ukimuuliza kama ana njaa, "basi". Ukimpa salamu, "basi". Haukupita mwezi tukawa tunazungumza mambo yake mbele yake kama mtu azungumzaye mbele ya kabati. Ami zangu walikaa barazani wakapatana na mnunuzi bei ya shamba lake la minazi, naye yupo hatua tatu kutoka walipokaa. Nami nilikuwamo, nikaandika hesabu.

Sikujua wakati ule kuwa mwaka 1861 daktari Broca, huko Ufaransa, alimtazama mgonjwa Leborgne, ambaye kwa miaka 21 hospitalini hakuweza kutamka ila "tan", lakini aliweza kuonyesha kwa vidole idadi ya miaka hiyo. Laiti ningalijua.

Siku moja jirani alileta bao, akaliweka mbele ya baba, labda kwa kumhurumia. Nilikaa nicheze naye. Katika kusambaza kete nilipitiwa, nikaruka shimo moja. Mkono wake wa kushoto ulinishika kifundo, ukanirudisha nyuma, ukaitwaa ile kete na kuitia pale ilipostahili. Kisha akacheza zamu yake, akala kete zangu za mbele karibu zote. "Basi," akasema.

Jioni ile nilikwenda kwa ami zangu, nikawaomba suala la shamba lirudishwe mbele yake, aulizwe. Hawakupenda, maana mnunuzi alikuwa amekwisha kutoa arubuni. Lakini aliulizwa, polepole, kwa maneno machache. Alitikisa kichwa mara tatu. Arubuni ilirudishwa, na minazi ile ingali yetu.