Flashi Ilikuwa Safi

Mwaka 2009 nilimsingizia mtoto wa mteja wangu. Nilikuwa fundi kompyuta wa kupita majumbani, na kwa mwalimu mmoja mstaafu niliunganisha kompyuta mbili za Windows XP zitumie printa moja. Printa ikagoma. Badala ya kutafuta sababu, nikazima fayawoli kwenye zote mbili, ikachapa. Masasisho nilikuwa nimeshayafunga zamani ili yasile bando, na mzee alinisifu kwa hilo.

Akaingia mnyoo wa kompyuta aitwaye Conficker. Kompyuta zikawa nzito, na tovuti za antivirusi zikakataa kufunguka ilhali nyingine zilifunguka bila shida. Mzee akauliza, "Fundi, huyu mdudu katokea wapi?" Nikamtaja kijana wake wa kidato cha nne na flashi yake ya muziki. Akapigwa marufuku kugusa kompyuta.

Nilidhani kirusi hakiingii mpaka mtu afungue kitu. Mnyoo wa mtandao hausubiri hilo. Kompyuta iliyokwisha kuambukizwa hubisha hodi kwenye poti 445 ya anwani moja baada ya nyingine. Ikikuta fayawoli imezimwa na Windows ina tundu lisilozibwa, ujumbe mmoja wa hila unatosha, hata kama mwenye nyumba amelala. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 23 Oktoba 2008, na Conficker akaonekana Novemba. Dawa ilikuwepo, ila mimi ndiye niliyeizuia isifike. Wala sikuwa na kisingizio cha ugeni: mnyoo Blaster wa Agosti 2003 naye alikuja wakati kiraka chake kimeshatoka tangu Julai.

Basi nikafuta mashine moja, nikapandisha XP upya kwa CD yangu ya zamani, waya wa mtandao umechomekwa na mwenzake mgonjwa yuko chumba cha pili. Kabla sijamaliza kushusha viraka, Conficker alisharudi. Nikatoza tena.

Flashi niliondoka nayo "kuichunguza". Niliikagua nyumbani kwa antivirusi mpya: nyimbo tupu. Nikairudisha kimya, na marufuku ikabaki palepale. Fedha ya safari ya pili nimemrejeshea mzee juzi juzi tu, na kijana nimemwomba radhi.

Fundi mwenzangu, kabla hujamtaja mtoto wa mtu, uliza kwanza fayawoli ilizimwa na nani.