Nilimwambia Aandike "Hapana"



Juzi usiku, kama saa nne na nusu, dada mmoja alinitumia ujumbe kwa WhatsApp. Sitamtaja, na sitasema anaabudu wapi. Yeye na mumewe wameomba ukaazi wa kudumu wa Kanada, ile mnaita PR. Vipimo vya hospitali wamemaliza, alama za vidole wamepigwa, na sasa kwa miezi kadhaa wakifungua akaunti yao wanaona jambo lile lile, kwamba uchunguzi wa historia yao unaendelea. Aliniandikia hivi: "Pasta, naomba usimame na mimi kwa maombi. Omba macho ya hao maafisa yapofuke, wasione ile kesi yangu ya zamani. Kwa fomu niliandika hapana."

Niliusoma huo ujumbe mara tatu. Sikulala vizuri, kwa sababu hayo maombi nayajua. Nimewahi kuyaomba mimi mwenyewe, kwa sauti, mikono juu ya kichwa cha mtu, na huyo mtu analipa mpaka leo.

Mwenyewe amenipa ruhusa nikueleze. Tumwite Fundi, maana ni fundi wa stima na hapa kanisani tunamwita hivyo hivyo. Alikaa Qatar miaka mitatu, akarudi, akaoa, na Mungu akawapa mtoto wa kijana. Alipoanza safari ya Kanada alikuja kwangu kama mtoto anavyokuja kwa baba, na nilifurahi. Wachungaji tunapenda kuhusishwa na safari za watu. Nitalirudia hilo.

Wengi wenu mnafikiri huu uchunguzi ni cheti cha tabia njema na basi. Unalipa kwa eCitizen, unaenda Huduma Centre au pale Kiambu Road, unachovya vidole kumi kwa wino, unasubiri cheti. Hiyo ni sehemu ndogo. Kanada wanataka cheti cha polisi cha kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, kwa hiyo Fundi alihangaika na cha Qatar pia. Kisha kuna maswali. Miaka 10 ya maisha yako, bila mwezi hata mmoja kuachwa wazi. Ulifanya kazi wapi, ulilala wapi. Kama ulikaa bure, sema ulikaa bure. Uliwahi kuwa askari au mwanajeshi? Ulikuwa mwanachama wa chama gani? Uliwahi kunyimwa viza? Uliwahi kushikwa, kufungwa, kushtakiwa, kupatikana na hatia? Majibu yako yanapitiwa na maafisa wa uhamiaji, na wakiona haja wanaishirikisha mamlaka ya mipaka, CBSA, na idara yao ya ujasusi, CSIS. Hao wanaangalia mambo mazito kama ugaidi, ujasusi, magenge, watu waliotesa wenzao vitani. Mtu wa Kayole aliyewahi kupigana baa siye wanayemtafuta usiku na mchana. Lakini anaulizwa maswali yale yale.

Jioni moja Fundi alikuja nyumbani na hizo karatasi. Mama mchungaji akatuwekea chai. Tulipofika kwenye miaka 10 ikaonekana kuna miezi minane haina kitu, baada ya Qatar, alipokaa kijijini kwao akitafuta kazi. Akaniuliza kwa upole, "Pasta, unaweza kuniandikia barua kwamba nilikuwa nahudumu hapa kanisani? Na muhuri?" Nikakataa. Nikamwambia hapa hatusemi uongo, andika hukuwa na kazi. Nilijisikia vizuri sana. Karibu nijipigie makofi.

Dakika ishirini baadaye tukafika kwa lile swali la kushikwa na polisi.

Akanyamaza. Chai ikapoa. Ndipo akanieleza kwamba akiwa na miaka 21, kabla hajaokoka, alipigana baa moja mjini kwao. Akalala seli siku mbili. Mahakamani alikubali kosa ili yaishe, akapigwa faini, mama yake akauza mbuzi akalipa. Hakuwahi kumwambia mkewe. Na cheti chake cha tabia njema kilikuwa kimetoka safi kabisa, hakuna rekodi.

Sasa sikiza nilichosema mimi, mtumishi wa Mungu niliyekuwa nimekataa kupiga muhuri wa uongo. Nilisema, "Ndugu yangu, hiyo ilioshwa. Wewe ni kiumbe kipya. Mungu mwenyewe haikumbuki, polisi hawana, wewe unaikumbusha ya nini? Hayo ni mashtaka ya adui. Andika hapana."

Mama mchungaji alikuwa anaondoa vikombe. Aliuliza swali moja tu, "Kama ilioshwa, mbona mnaongea kwa sauti ya chini?" Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya ofisi. Akaenda jikoni.

Ijumaa hiyo kwenye kesha nilimwita mbele. Nikahubiri habari ya Elisha na jeshi la Washami, jinsi Bwana alivyowapofusha macho wasijue wanaongozwa wapi. Nikaomba maafisa wa Kanada wapofuke vivyo hivyo. Kanisa likapaza sauti. Tangu wakati huo nimeisoma ile sura tena mpaka mwisho, na Elisha aliwafikisha Samaria, akaomba macho yao yafunguliwe, wakaandaliwa karamu, wakarudi kwao. Hakuna mtu katika hiyo hadithi aliyekuwa anaficha kesi.

Faili ikakaa kimya. Mwezi wa tano, wa nane, wa kumi. Nilimwambia kimya ni ishara njema.

Halafu ikaja barua. Haikuwa ya kumkataa bado, ilikuwa ya kumpa nafasi ya kujieleza. Akiwa na miaka 24 Fundi aliwahi kuomba viza ya kusoma huko huko Kanada. Alinyimwa kwa sababu ya pesa, akasahau. Lakini kwenye ile fomu ya zamani, kijana yule ambaye hakuwa ameokoka aliandika ukweli: nilishikwa, nililipa faini. Wenzetu hawatupi karatasi. Afisa aliziweka fomu mbili pamoja akauliza swali ambalo mimi nisingeweza kulijibu kwa mahubiri yoyote. Wakati ule ulisema ndiyo, sasa unasema hapana, kwa nini?

Nilitaka kuandika barua, kwamba ni mimi niliyemshauri. Mwanasheria tuliyempata, tukiwa tumechelewa, akatuambia barua yangu inaweza kupelekwa lakini sahihi kwenye fomu si yangu. Na akatuambia jambo lililoniuma zaidi ya yote. Ile faini peke yake, kosa dogo la ujana, adhabu ilishatumikiwa, miaka zaidi ya 10 imepita, huenda isingemzuia. Sheria yao ina mlango kwa mtu wa namna hiyo, inamhesabu kuwa amerekebika. Kilichomfunga ni "hapana." Kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji kinasema anayeficha au kupotosha jambo la maana anafungiwa miaka 5.

Miaka 5, mpendwa. Fundi alikuwa na miaka 39. Kwenye njia aliyopitia unapewa alama kwa umri. Ukivuka 29 zinaanza kupungua, na ukifika 45 unapata sifuri. Hesabu mwenyewe. Na jina la mkewe na la mtoto yalikuwa kwenye faili hiyo hiyo. Mkewe alijua habari ya ile seli kupitia barua ya serikali ya kigeni. Walikaa wiki sita hawaongei.

Fundi hajawahi kunilaumu. Anakaa safu ya nne, mtoto wake anapiga ngoma kwa kwaya. Ningependa siku moja anifokee.

Nimefikiria sana pale nilipokosea, kwa sababu sikuamka asubuhi nikasema leo nitamfundisha mtu uongo. Nilichanganya vitu viwili. Msamaha wa Mungu ni wa kweli, siuondoi. Lakini yule afisa hakuuliza kama Fundi amesamehewa. Aliuliza kilichotokea. Cheti cha tabia njema kinaeleza polisi wanajua nini juu yako. Fomu inakuuliza wewe unajua nini. Cheti safi hakijibu hilo swali kwa niaba yako, na damu ya Yesu haikumwagika ili itusaidie kujaza fomu kwa uongo.

Namkumbuka Yakobo. Baba yake kipofu alimuuliza jina, akajitaja kuwa Esau, akaondoka na baraka na hakukaa nyumbani siku nyingi baada ya hapo. Miaka ikapita, kule Yaboki usiku, akashikwa na mtu aliyemuuliza swali lile lile, unaitwa nani. Safari hii akasema Yakobo. Akatoka anachechemea. Nilikuwa nahubiri hapo kuhusu kung'ang'ana mpaka ubarikiwe, na nilikuwa naruka hilo swali kana kwamba Mungu alikuwa amesahau jina.

Nilisimama mbele ya kanisa, Fundi akiwa pale safu ya nne, nikakiri. Wazee wawili walinishauri nisifanye, kwamba nitashusha ofisi ya uchungaji. Labda nimeishusha. Tulivyozoea kupiga mihuri kwenye safari za watu, pengine ilihitaji kushuka kidogo.

Sasa wewe dada uliyeniandikia. Nimekujibu kwa simu, na kwa sababu najua si peke yako nakijibu pia hapa bila jina. Sitaomba wapofuke. Faili yako bado iko wazi, na hiyo ni rehema ambayo Fundi hakuipata. Unaweza kuwaandikia kabla hawajakuuliza, ueleze kwamba jibu moja kwenye fomu si sahihi, useme kesi ilikuwa ya nini, iliishaje, na uambatishe karatasi za mahakama. Usiandike peke yako. Tafuta mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, si yule wa saiba anayejaza fomu za watu kumi kwa siku. Sikuahidi kwamba watakubali. Nisingeweza, na ukimpata mtumishi anayekuahidi, muulize yeye ataweka sahihi wapi. Mwambie mumeo kwanza, leo, kabla barua haijamwambia.

Nimekuahidi jambo moja. Siku utakayoituma hiyo barua nitafunga na wewe, mimi na mama mchungaji.

Ujumbe wangu niliutuma saa kumi na moja alfajiri. Zile alama mbili za buluu zilitokea saa moja na dakika tano. Bado hajajibu. Mkimkumbuka kwenye maombi yenu ya leo, hamhitaji jina lake.