Saa Mbili

Katika usharika wetu wapo wazee na wagonjwa wasioweza tena kufika kanisani. Kila Jumatatu mwinjilisti huwapelekea ibada ya Jumapili iliyorekodiwa. Siku moja nilikwenda kumshirikisha Chakula cha Bwana mama mmoja mzee. Baada ya maombi akaniambia, "Baba Mchungaji, mahubiri yanatutia nguvu, lakini kuna kitu kinapasuka ndani yake. Unasema neno, ta! Unasema jingine, ta! Nikadhani redio yangu imekufa."

Redio yake ilikuwa nzima. Nilirudi ofisini nikasikiliza, na kweli, mahubiri yangu yalikuwa yakipasuka.

Miezi michache kabla ya hapo tulipata miksa ya dijitali, nami nikatafuta kinasa sauti cha dijitali cha kuunganisha nayo. Nilikipanga mwenyewe usiku, kitabu cha maelekezo mkononi, kisha nikawaagiza vijana wa mitambo wasiguse mipangilio. Kwa hiyo sikujitilia shaka hata kidogo. Nililaumu waya, na kijana aliyeufunga. Yeye alinijibu kwa upole, "Mchungaji, waya nimeshaubadilisha mara mbili. Naomba tuangalie mipangilio." Nikamwambia, mbele ya kwaya nzima, kwamba kazi ya Mungu haitaki uzembe. Jumapili iliyofuata hakuja.

Mlio uliendelea. Mwishowe nikamwomba fundi wa usharika jirani aje. Waya hakuugusa. Alifungua mipangilio ya miksa, akatafuta mahali pa kuchagua chanzo cha saa, kisha akafungua kinasa sauti changu. Akatabasamu. "Mchungaji, hapa kuna saa mbili."

Akanieleza. Sauti ya dijitali husafiri katika vipande vidogo sana. Kwetu ni vipande 48,000 kila sekunde. Kila mashine ina saa yake ndani, inayoendeshwa na kijiwe cha kwatzi, ya kuhesabu vipande hivyo. Mashine zetu zote mbili zilisomeka 48,000, na kila moja ilifuata saa yake ya ndani. Lakini hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, kila sekunde karibu kipande kimoja huzidi au hupungua. Tofauti hiyo hujikusanya, kisha sauti inapasuka.

Nikauliza kama tununue mashine bora zaidi. Akasema hata zingekuwa bora namna gani, zikibaki na saa mbili mlio utarudi. Aliiacha miksa ifuate saa yake ya ndani, akakipanga kinasa sauti kifuate saa inayoingia pamoja na sauti. "Waya huu huu unaoulaumu unaleta vyote viwili," alisema. "Wewe ulipokea sauti, saa ukaikataa."

Tukarekodi wimbo mmoja. Sauti ikatoka safi.

Fundi alipoondoka nilibaki peke yangu kwenye benchi la mbele. Maneno yake yalikuwa yamenichoma. Ndivyo nilivyokuwa nimeishi katika utumishi: Neno napokea na kulihubiri, lakini mwendo ni wangu mwenyewe, na haraka yangu, na heshima yangu. Kijana aliponiomba tuangalie mipangilio, alikuwa akiniomba dakika tano. Kwa saa yangu hazikuwepo.

Sisi wachungaji tuna jaribu letu. Tunajiona ndio miksa, na usharika wote utufuate. Lakini katika Injili ya Yohana, sura ya 5, Yesu mwenyewe anakiri kwamba hatendi kwa kujitegemea, anamtazama Baba. Ikiwa Mwana wa Mungu alikubali kwenda kwa mwendo wa Baba yake, mimi ni nani nijiendeshe kwa saa ya ndani?

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Alinipa shikamoo, akanikaribisha kiti. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mipangilio niliyomkataza kuigusa ndiyo iliyokuwa mibaya. Jumapili nikarudia maneno hayo mbele ya kwaya, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya kwaya.

Hajarudi kwenye mitambo. Huja ibada ya pili, hukaa karibu na mlango, na baada ya baraka hutoka upesi. Zamani ningemwita ofisini nimweleze kwamba msamaha umeshaombwa na kazi inasubiri. Sasa namsalimia mlangoni, namwuliza habari za mama yake, nangoja. Muda wa kupona kwake si mimi ninayeupanga.

Yule mama mzee anasema mahubiri hayapasuki tena. Namwomba Mungu iwe hivyo hata ndani ya mhubiri.