Lesotho: Farasi Kwanza, Moto Baadaye

Mwezi wa Julai ufikapo, theluji huanguka juu ya milima ya Lesotho. Nchi hiyo ndogo imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, na hakuna sehemu yake hata moja iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele chake, Thabana Ntlenyana, kina mita 3,482. Asubuhi maji huganda ndooni, na hata mkazi wa Makete aliyezoea baridi angetafuta nguo ya pili.

Katika hali hiyo Msotho hujifunika blanketi zito la sufu, akalibana kwa pini kubwa, akampanda farasi wake. Farasi wa Kisotho si mrefu, lakini ana kwato ngumu na pumzi nyingi. Penye vijia vyembamba vya mawe hulegezewa hatamu ili achague mwenyewe pa kukanyaga.

Farasi hakuwa mnyama wa asili wa huko. Waholanzi walimleta kusini mwa Afrika katika karne ya 17, na Wasotho wakampata katika karne ya 19, enzi ya Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza. Mwaka 1852, katika mapigano ya Berea, wapanda farasi wa mfalme huyo walilikabili jeshi la Waingereza lililoongozwa na Jenerali Cathcart, nalo likarudi nyuma. Leo farasi wawili wamo katika nembo ya taifa, na jeshi la polisi, lililoanzishwa mwaka 1872, bado lina neno la wapanda farasi katika jina lake.

Lakini heshima kubwa ya farasi haimo katika nembo. Imo katika safari ya kurudi nyumbani. Kwa miaka mingi wanaume wa Lesotho walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, wakawaacha wake na watoto milimani. Tangu miaka ya 1990 wengi wamepoteza kazi hizo, ila wapo ambao bado huenda. Arudipo baba, basi humshusha bondeni. Barabara za lami zimeongezeka, lakini theluji ikiziba njia, gari husimama. Hapo kijana wake humngojea na farasi wa pili, nao hupanda mlima pamoja. Ukungu ukishuka hata njia isionekane, baba humwachia farasi, naye huifuata njia aliyoizoea mpaka mlangoni.

Ndani ya nyumba moto wa samadi kavu unawaka, na uji uko tayari. Baba ametetemeka njia nzima; vidole vyake havikunjiki. Hata hivyo haingii kwanza. Humvua farasi tandiko, humpangusa jasho lisije likamgandia mwilini, humtupia gunia mgongoni, kisha humpa majani makavu. Mama humwona kutoka mlangoni, wala hamhimizi, kwa kuwa anajua ni nani aliyemletea mumewe salama.

Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Msotho, kwenye baridi kali, huonyesha jinsi shukrani ya binadamu kwa mnyama inavyopasa kuwa: aliyekubeba ahudumiwe kwanza, ndipo nawe uote moto.